Mnara Huanza Kufa Paani

Mnara wa mawe hauanguki kwa siku moja. Huanza na kitu kidogo juu kabisa: ubao wa paa umeoza, au jiwe bapa limeteleza kwa uzito wa theluji, na nyumba iliyo chini yake haina tena kijana wa kupanda kulirudisha mahali pake. Mvua ya kiangazi inapata njia. Maji yanashuka taratibu ndani ya ukuta, yanajaza nafasi kati ya jiwe na jiwe, na kipupwe kikiingia yanaganda. Maji yakiganda hutanuka. Chokaa iliyoyashika mawe hayo kwa miaka 800 inapasuka na kugeuka unga, na theluji ikiyeyuka unga huo unakwenda na maji. Mwaka unaofuata mambo ni yaleyale, ila ufa umepanuka. Mbegu iliyoletwa na upepo inaota ndani yake, mizizi inasukuma. Ikipita miaka ishirini au thelathini, kona moja ya juu inafunguka, ukuta mmoja unashuka pamoja na dari zote za ndani, na zinazobaki ni kuta tatu, au mbili, zilizo wazi kwa mvua.

Minara mingi ya Svaneti imefika hapo. Svaneti ni eneo la milimani kaskazini-magharibi mwa Georgia, kwenye safu ya Kaukazi, na picha zake zinazouzwa kwa watalii huonyesha minara mizima iliyosimama imara mbele ya vilele vyeupe. Ile iliyokatika katikati haipigwi picha sana. Ndiyo ninayotaka kuizungumzia, kwa sababu gofu la mnara lina habari ambazo mnara mzima hauzitoi. Kwenye gofu unaona unene wa ukuta, unaona mashimo ya boriti zilizobeba sakafu, unaona hatua kwa hatua jinsi kazi ilivyofanywa. Unaona pia kwamba watu wameondoka.

Kufika huko si jambo jepesi hata leo. Barabara inaanza mji wa Zugdidi, chini kwenye tambarare, inapita kando ya bwawa la Inguri, ambalo ukuta wake wa zege una kimo cha mita 271.5 na ni miongoni mwa mabwawa marefu zaidi ya aina ya tao duniani, kisha inafuata korongo la mto Inguri kwa saa kadhaa. Mestia, makao makuu ya wilaya, uko kwenye mwinuko wa takribani mita 1,500. Kutoka hapo ni kama kilomita 45 hadi Ushguli, jumuiya ya vijiji vidogo vinne: Murkmeli, Chazhashi, Chvibiani na Zhibiani. Hapo umepita mwinuko wa mita 2,000, na mbele yako umekaa mlima Shkhara, mrefu kuliko yote ya Georgia, wenye kimo cha zaidi ya mita 5,000. Theluji hufunika Ushguli karibu miezi sita ya mwaka. Kaya zinazokaa huko ni kama sabini tu.

Kijiji cha Chazhashi kilitangazwa kuwa hifadhi ya makumbusho mwaka 1971, enzi za Usovieti, na mwaka 1996 UNESCO ikaiingiza Svaneti ya Juu kwenye orodha ya Urithi wa Dunia. Heshima hiyo ilistahili. Sehemu nyingine za Ulaya zina minara ya kale, lakini kwa kawaida ni mmoja juu ya kilima, mali ya bwana fulani aliyetawala wengine. Svaneti mnara ulikuwa mali ya familia. Nyumba hii ina wake, na hatua chache tu mbele nyumba ya jirani ina wake. Majina ya koo za Wasvani huishia kwa -ani: Margiani, Khergiani, Chartolani. Hadi leo ukiuliza kuhusu mnara fulani utaambiwa jina la ukoo kwanza, umri wake baadaye.

Mingi ilijengwa kati ya karne ya 9 na ya 13. Kimo chake ni mita 20 hadi 25, ghorofa nne au tano. Mafundi walitumia mawe ya hapohapo, yale ya tabaka yanayochanika bapa, wakayafunga kwa chokaa. Chini ukuta una unene wa zaidi ya mita moja, na kadiri unavyopanda unapungua, hivyo mnara mzima umechongoka kidogo kuelekea juu. Macho hayaligundui hilo haraka, lakini ndilo linaloufanya usimame: uzito uko chini, upepo wa juu unakuta eneo dogo. Pale juu ukuta unatoka tena nje kidogo, ukibebwa na vitao vya mawe, na kati ya tao na tao kuna nafasi ya kuangusha mawe juu ya yeyote aliyesimama mlangoni.

Mlango wenyewe hauko chini. Uko ghorofa ya pili, na njia ya kuufikia ilikuwa ngazi ya mbao ambayo watu waliivuta ndani baada ya kuingia. Kutoka ghorofa moja kwenda nyingine unapita tundu dogo kwenye kona ya dari, na tundu hilo liliweza kufunikwa kwa jiwe. Adui aliyefanikiwa kuingia chini angelazimika kutoa kichwa chake tunduni, mmoja mmoja, mbele ya mtu aliyekwisha kukaa tayari. Madirisha ni nyufa nyembamba tu. Ndani ni giza na baridi. Hakuna aliyejenga mnara ili aishi humo. Watu waliingia kukiwa na hatari, wakabaki hadi hatari ipite, hata kama ni wiki kadhaa.

Maisha yenyewe yalikuwa chini, kwenye nyumba iliyoshikana na mnara au iliyosimama ubavuni mwake. Ghorofa ya chini ya nyumba hiyo huitwa machubi, na kwa maoni yangu ndiyo kazi kubwa zaidi ya akili ya Wasvani kuliko hata mnara. Ni chumba kimoja kikubwa, moto katikati. Kuzunguka kuta zote kuna mazizi ya mbao yaliyonakshiwa, ng'ombe na kondoo wamesimama humo wakielekeza vichwa chumbani, na juu ya mazizi hayo ndiko watu walikolala. Joto la mifugo lilipanda na kuwafikia. Juu ya moto ilining'inizwa bamba pana la kuzuia cheche zisifike darini. Mzee wa nyumba alikuwa na kiti chake kilichochongwa, hakikaliwi na mwingine. Ghorofa ya juu, darbazi, ilihifadhi nyasi kavu za mifugo, na hizo nyasi zenyewe zilikuwa blanketi la nyumba nzima dhidi ya baridi ya nje; kiangazi familia ilihamia huko juu kupata hewa. Watu, ng'ombe, chakula na kuni vilikaa chini ya paa moja kuanzia theluji ya kwanza hadi ya mwisho. Mjini Mestia nyumba ya ukoo wa Margiani imetunzwa kama makumbusho, na mazizi yake ya mbao bado yapo.

Ni lazima kuuliza adui alikuwa nani. Vitabu vya wageni hupenda kusema wavamizi, na ni kweli kwamba Wasvani walivuka vilele na kuvukiwa, wakaiba mifugo na kuibiwa. Lakini angalia tena jinsi minara ilivyopangwa: mmoja unatazamana na mwenzake, umbali wa kurusha jiwe. Ngome ya kuzuia jeshi la kigeni hujengwa kwenye mlango wa bonde. Minara hii imejengwa kati ya jirani na jirani. Adui mkuu alikuwa mtu unayemjua jina, pengine uliyesali naye kanisa moja, ambaye ndugu yake aliuawa na ndugu yako.

Kisasi cha damu kilitawala Svaneti kwa karne nyingi. Sehemu ya juu ya bonde iliitwa Svaneti Huru kwa sababu haikuwa na mtawala wa kurithi, tofauti na chini kidogo ambako watawala wa ukoo wa Dadeshkeliani walishika madaraka. Watu wa Svaneti Huru walikutana kwenye mkutano wa wote, wakachagua kiongozi waliyemwita makhvshi, wakaamua mambo makubwa kwa kukubaliana wote. Ni utaratibu wa kuheshimiwa sana. Lakini mkutano haukuwa na askari, na mahali pasipo na askari wala hakimu wa serikali, familia iliyomwagiwa damu iliona ni wajibu wake kuidai. Ukoo uliotishiwa ulivuta ngazi na kukaa juu.

Wasvani walijua pia kumaliza ugomvi. Pande mbili ziliteua wapatanishi, wapatanishi wakaapa mbele ya sanamu takatifu, wakasikiliza kwa muda mrefu, kisha wakakadiria dia: kiasi gani cha shamba, ng'ombe wangapi, kwa damu iliyomwagika. Kiapo mbele ya sanamu takatifu kilikuwa kizito kuliko karatasi yoyote. Hata hivyo ugomvi mwingine ulirithishwa kutoka kwa babu hadi mjukuu, na wanawake ndio walioulipia zaidi, kwa ujane na kwa ndoa walizoamuliwa na wengine. Mtengenezaji filamu Mariam Khatchvani alilisema hilo kwa uchungu mkubwa katika Dede, filamu ya mwaka 2017 iliyopigwa Ushguli na kuzungumzwa kwa Kisvani. Nalitaja kwa sababu siku hizi kuna tabia ya kuipamba minara hii kana kwamba ilikuwa ishara ya uhuru tu. Ilikuwa pia alama ya woga, na mtu anayetaka kuihifadhi anapaswa kuuhifadhi ukweli huo pamoja na mawe.

Ugumu wa kufika huko uliokoa vitu vingi. Wamongolia walipovamia nchi za chini katika karne ya 13, na majeshi mengine baada yao, Svaneti ikawa ghala la Georgia nzima: misalaba ya dhahabu na fedha, sanamu takatifu na vitabu vilipandishwa milimani na kukabidhiwa kwa vijiji. Makumbusho ya Mestia leo yanahifadhi Injili ya Adishi, hati iliyonakiliwa mwaka 897. Makanisa madogo yasiyozidi chumba kimoja yana picha za ukutani ambazo miji mikubwa ingejivunia. Mchoraji aitwaye Tevdore, aliyejiandika kuwa mchoraji wa mfalme, alipamba kanisa la Iprari mwaka 1096 na la Nakipari mwaka 1130. Tarehe hizo zinatuambia jambo kuhusu minara. Mwaka 1096 aliyetawala ni Daudi wa Nne, ambaye Wageorgia humwita Mjenzi. Baadaye ikaja enzi ya Malkia Tamari, kati ya 1184 na 1213, ambaye Ushguli bado inamdai kuwa wake na kuonyesha magofu ya ngome inayosemwa kuwa yake. Nchi ilikuwa na fedha, mafundi walikuwapo, chokaa ilichomwa. Minara ni mtoto wa wakati wa neema, ingawa ilijengwa kwa ajili ya siku za shida.

Kuporomoka kwa mingine kulifanywa na binadamu. Urusi ilipolitwaa bonde hilo katika karne ya 19, kijiji cha Khalde kilikataa kuandikishwa na kutozwa, na mwaka 1876 jeshi lilikwenda na mizinga, likavunja nyumba na minara yake. Miaka michache baadaye, kuanzia 1889, Mwitaliano Vittorio Sella alipita Svaneti na kamera yake nzito ya vioo, na picha alizopiga Ushguli na Mestia ni ushahidi ambao kila mhifadhi huurudia. Ukizilinganisha na vijiji vya leo unaona mapengo. Minara mingine ilibomolewa ili mawe yake yajenge nyumba mpya au ukuta wa shamba, na siwezi kumlaumu mkulima wa mwaka 1920 au 1950 aliyefanya hivyo. Aliona rundo la mawe yaliyochongwa tayari, na kisasi cha babu yake hakikumhusu tena.

Wasovieti walileta barabara ya magari hadi Mestia katika miaka ya 1930. Kabla ya hapo hata chumvi ilibebwa mgongoni kuvuka vilele, na Mikhail Kalatozov aliifanya shida hiyo kuwa kiini cha filamu yake ya 1930, Chumvi kwa Svaneti, iliyopigwa Ushguli. Milima ilitoa pia wapandaji wakubwa. Mikheil Khergiani, aliyezaliwa Mestia mwaka 1932, alikuwa mpanda miamba aliyejulikana Ulaya yote hadi alipokufa kwenye milima ya Dolomiti, Italia, mwaka 1969. Nyumba yake, ambayo nayo ina mnara, ni makumbusho.

Kilichoivunja Svaneti kwa kweli ni theluji. Kipupwe cha 1986 hadi 1987 ilianguka theluji isiyo na mfano, na Januari maporomoko yakashuka juu ya vijiji. Makumi ya watu walikufa. Serikali iliamua kuzihamisha familia nyingi, ikazipeleka mamia ya kilomita kutoka kwao, hasa tambarare za Kvemo Kartli kusini-mashariki mwa nchi, mahali pa joto, lugha tofauti na kilimo tofauti. Wengi hawakurudi. Kijiji cha Adishi, ambacho injili ya mwaka 897 inabeba jina lake, kilibaki karibu kitupu.

Hapo ndipo mnara na nyumba vinapokutana. Kwa mamia ya miaka paa la mnara lilitazamwa kila mwaka na watu walioishi chini yake. Hawakuhitaji ofisi ya mambo ya kale. Mtoto wa kiume alipanda kabla ya theluji, akabadili ubao, akarudisha jiwe, akaziba. Kazi ya siku mbili, pengine tatu. Familia ilipopakiwa kwenye lori mwaka 1987, kazi hiyo ya siku mbili ilikatika, na minara iliyokuwa imestahimili kisasi, mizinga na matetemeko ikaanza kufunguka kwa kukosa ubao mmoja. Ingekuwa bora theluji iliyoangukia watu isingetupa somo hilo kwa gharama hiyo, lakini imetupa, na mipango mingi ya uhifadhi bado haijalisoma.

Miaka ya 1990 ilizidisha. Usovieti ulivunjika, Georgia ikaingia kwenye vita vya ndani, bonde likawa mikononi mwa magenge yenye silaha na wasafiri wakaporwa barabarani. Mwaka 2004 serikali mpya ilituma vikosi kuyavunja magenge hayo. Baada ya hapo fedha zilifuata haraka: uwanja wa ndege mdogo ulifunguliwa Mestia mwishoni mwa 2010, barabara kutoka Zugdidi ikakarabatiwa, uwanja mkuu wa mji ukajengwa upya. Watalii walikuja. Njia ya miguu ya siku nne kutoka Mestia hadi Ushguli sasa inajulikana duniani, na inapita Adishi. Familia kadhaa zilizokuwa zimehama zimerudi huko kufungua nyumba za wageni. Wageni wanalala kwao, wanakula kubdari, mkate uliojazwa nyama na viungo, na asubuhi wanavuka mto kwa farasi.

Ni kurudi kunakofurahisha, na mtu asiyependa utalii aende kwanza akaulize familia hizo. Hata hivyo fedha za wageni zinaingia nyumbani bila kupanda mnarani. Mgeni analipia kitanda, bafu la maji moto na mtandao. Hivyo mwenye nyumba anajenga ghorofa ya matofali ya zege yenye paa la bati, mara nyingi ubavuni mwa gofu la mababu zake. Ushguli imejaa majengo ya namna hiyo. Wahifadhi wanalalamika, na wana haki ya kulalamika, lakini anayelaumiwa ana watoto wa kusomesha na kipupwe cha miezi sita. Mnara haumlipi. Akitaka kuutengeneza mwenyewe anahitaji kibali kwa sababu ni kumbukumbu ya taifa. Warithi wake wengine wako Tbilisi, Rustavi au nje ya nchi, na kila mmoja ana sehemu. Sensa ya 2014 ilikuta wilaya nzima ya Mestia ina watu wasiofika 10,000, wakati ile ya 2002 ilihesabu zaidi ya 14,000. Kwa hesabu hiyo kila mwaka kuna mapaa yanayokosa mtu.

Halafu kuna suala la jinsi ya kutengeneza. Msomaji wa Lamu, Kilwa au Unguja ataelewa mara moja, kwa kuwa nyumba za mawe za kwetu nazo zimefungwa kwa chokaa. Chokaa inapumua. Inaruhusu unyevu kuingia na kutoka, inakubali ukuta kusogea kidogo bila kupasuka. Saruji haifanyi hivyo: inakuwa ngumu kuliko jiwe lililo pembeni yake, inafungia maji ndani, na kipupwe kikija jiwe ndilo linalopasuka. Ukuta wa Svaneti uliozibwa kwa saruji unaonekana mzima kwa miaka michache, huku ndani ukioza. Mnara uliotiwa saruji na ule ulioachwa bila paa inaweza kufika mwisho uleule, tofauti ni kwamba wa kwanza ulitengewa bajeti.

Georgia yenyewe ina mfano mkali wa ukarabati wa pupa. Kanisa kuu la Bagrati, mjini Kutaisi, lilikuwa gofu zuri lililosimama bila paa kwa zaidi ya miaka 300. Liliingizwa kwenye Urithi wa Dunia pamoja na monasteri ya Gelati. Serikali ikaamua kulijenga upya, kwa chuma na kioo pale mawe yalipokosekana, na kazi ikamalizika mwaka 2012. Waumini walifurahi kusali tena ndani yake. UNESCO ililiweka kwanza kwenye orodha ya hatari, mwaka 2010, na mwaka 2017 ikaliondoa kabisa, Gelati ikabaki peke yake. Mtu anaweza kubishana na uamuzi huo, na Kutaisi wengi wanabishana nao. Lakini kwa Svaneti onyo ni wazi: mnara uliokatika ukijengwa upya hadi kimo chake cha zamani, kwa mawe mapya na makisio ya mchoraji, tutapata kitu kizuri cha kupiga picha na tutapoteza kilichobaki cha kweli.

Mimi nasimama upande wa magofu. Kuta tatu zilizobaki zifunikwe juu kwa tabaka la mawe na chokaa ili maji yateleze, miti iliyoota ing'olewe, nyufa zijazwe, kisha ziachwe na kimo chake cha leo. Mnara mzima upewe paa. Baina ya hiyo miwili, fedha ziende kwanza kwa ule ambao paa limeanza kuvuja mwaka huu au mwaka jana, kwa sababu huo unaokolewa na mbao chache na mafundi wawili, wakati ule uliokwisha kufunguka utameza bajeti ya kumi. Mara nyingi hufanyika kinyume: jengo husubiri mpaka liwe habari ya gazeti ndipo litafutiwe fedha.

Mafundi nao wanahitaji kuwapo. Kuchagua jiwe la tabaka, kulilaza upande wake unaofaa, kuchoma chokaa na kuiacha iive, haya ni maarifa ya mikono ambayo hayajifunzwi kwa wiki moja. Vijana wa Mestia wanajua kuongoza wageni, kuendesha gari kwenye tope na kuhudumia farasi, kwa sababu kazi hizo zinalipa kila kiangazi. Fundi wa mnara akihakikishiwa malipo kila mwaka, badala ya mradi mmoja mkubwa unaotoka mji mkuu na mafundi wake na kuondoka nao, atapatikana. Hali ya lugha inafanana na hiyo. Kisvani ni ndugu wa Kigeorgia lakini msemaji wa kimoja haelewi kingine, hakifundishwi shuleni, na UNESCO inakihesabu miongoni mwa lugha zilizo hatarini. Maneno mengi ya machubi, ya sehemu za mnara, ya aina za theluji, yamo kwenye lugha hiyo. Mzee anayejua jina la jiwe fulani kwenye kona ya mnara mara nyingi ndiye anayejua pia kwa nini liliwekwa hapo.

Mwaka 2018 Wasvani kutoka jumuiya mbalimbali waliitisha lalkhor, ule mkutano wa kale wa wote, kupinga mabwawa mapya ya umeme yaliyopangwa kwenye mito yao. Kijiji cha Khaishi kimoja tu kingezama karibu chote iwapo mradi wa Khudoni, unaozungumzwa tangu miaka ya mwisho ya Usovieti, ungekamilika. Walitoa msimamo wa pamoja mbele ya sanamu takatifu, kama mababu zao. Chombo hicho bado kina nguvu ambayo wizara hazina: mtu aliyeapa hapo hawezi kukwepa mbele ya jirani zake. Naona hapo ndipo suala la minara lipelekwe. Kila jumuiya iandike orodha ya minara yake, mizima na iliyokatika, na jina la ukoo mbele ya kila mmoja; warithi walioko Kvemo Kartli na kwingine waitwe, waseme nani atashika ufunguo; na serikali, pamoja na wafadhili wanaopenda kuweka vibao vya majina yao, walipe mbao, chokaa na ujira wa mafundi kwa kufuata orodha hiyo. Msimu wa kazi ya juu Ushguli ni mfupi, kuanzia Juni hadi Septemba, kwa hiyo fedha zikifika Oktoba zimechelewa mwaka mzima.